Gunia la Misa ya Mavuno

Namanyere, 21 Julai 2025

Mwanangu Jenifa,

Hujambo huko Chanji? Sisi tupo, ila mgongo wangu ni ule ule. Asubuhi nainuka kwa kushika ukuta. Yule bwana wa ofisi ya fidia amenipigia. Ana picha yangu nimebeba gunia la ulezi, anasema mbeba gunia hastahili malipo ya ulemavu. Nimebeba siku moja tu, Misa ya mavuno, maana kila baba wa kaya hupeleka sadaka altareni kwa bega lake. Nani kaipeleka picha? Namshuku jirani yetu Bundala. Alisimama nje ya kanisa na simu, na tangu ng'ombe wake walipokula mahindi yangu ananichekea mno.

Baba yako, Romani

Chanji, 26 Julai

Shikamoo baba,

Mimi mzima. Usikasirike, lakini gunia lilikuwa zito kiasi gani? Tangu Januari naapa pale ofisini kwamba tangu uumie ukipakia malori Kasesya huinui hata ndoo. Kama unanificha kitu, sema. Na Bundala mwache kwanza, huna ushahidi.

Mwanao, Jenifa

Namanyere, 3 Agosti

Jenifa,

Salamu baadaye. Unanihoji kama polisi. Ndani mlikuwa na debe moja tu, na nililala siku tatu. Mama yako alikuwa safarini. Bundala ndiye aliyenigeuza kitandani. Sasa najua alikuja kunichunguza. Jana mnadani nimemwita mpelelezi mbele ya watu wote. Akaswaga ng'ombe wake, akaondoka.

Baba yako

Chanji, 12 Agosti

Shikamoo baba,

Nisamehe. Picha nimeionyeshwa, imetoka kwangu. Shangazi Luciana aliipiga kanisani akanitumia, nikaiweka stetasi kwenye simu yangu kwa kujivunia baba. Yule bwana ana namba yangu kwa ajili ya faili lako, akaiona. Nimelia mbele yake. Amekubali uitwe kwa madaktari, ila anataka kwanza maelezo ya mtu asiye ndugu aliyekuona kitandani siku zile. Baba, nenda kwa Bundala leo.

Mwanao

Namanyere, 20 Agosti

Mwanangu,

Afya ni hivyo hivyo. Wewe sikulaumu. Nilikwenda kwa fimbo, nikapumzika mara nne njiani. Zizi ni tupu. Wamehama Jumatatu na ng'ombe wote, na hawakumuaga mtu. Mwambie yule bwana shahidi alikuwepo, nikamfukuza mwenyewe.

Baba yako, Romani