Sauti Iliyobaki Ndani ya Mvua ya Lesiba

Nyumba 2214,
Mamelodi Mashariki,
Pretoria.
19 Januari, 2019.

Mpendwa Shangazi Mosima,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye joto. Goti lako je, linakubali kupanda ngazi za kanisa? Na Kimberley bado ni vumbi tupu? Sisi wazima, ila Phuti anaota meno ya juu, na mimi tangu Krismasi sijapata usingizi wa kuitwa usingizi. Nakuandikia yeye akiwa mgongoni, kwa hiyo usishangae mwandiko kupanda na kushuka.

Ningepiga simu, lakini kuta za hapa nyembamba na jirani yangu Dikeledi hapitwi na neno. Halafu jambo lenyewe ni la shangazi. Wewe ndiye uliyesimama upande wetu siku ya mahari.

Unajua Lesiba ni dijei, anapiga muziki kila Jumapili alasiri pale wanapoosha magari. Watu wazima wanakuja na viti vyao vya kukunja, wanakaa, wanafumba macho. Haanzi na ngoma. Anaanza na upepo, halafu vyura wa mtoni, halafu radi ya mbali, na ngoma inajipenyeza chini ya mvua polepole mpaka huwezi kusema imeanza lini. Hata bango lake ni umeme tu unaopasua wingu. Ni kazi nzuri, siidharau.

Lakini mvua hizo anazirekodi mwenyewe. Tangu Oktoba, wingu likitokeza tu upande wa milimani, anachukua kinasa sauti na kuondoka. Alisema anakwenda kwa mjomba wake Hammanskraal, eti huku kuna kelele za magari. Nabaki na mtoto analia, nafunika kioo cha kujitazamia kisije kikavuta radi, tunakaa kimya kama mlivyotufundisha. Dikeledi akanitania tukianika nguo: "Mama Phuti, huyu mumeo kaposwa na radi, nini?" Nilicheka siku ile.

Halafu kuna siku alirudi viatu havina tope. Kwa mjomba mvua ikinyesha ni tope tupu, hakuna hata jiwe moja la kukanyaga. Nilivitazama viatu, nikaviweka nyuma ya mlango.

Jumapili iliyopita akawa anasikiliza miksi yake mpya hapa sebuleni, mimi nakunja nepi. Radi ikapiga. Kitu cha kwanza nilichosikia ni paa. Shangazi, kwa mjomba ni bati kama kwetu, na mvua juu ya bati inapiga kelele mpaka watu hawasikilizani. Hii ilikuwa inanong'ona. Hivyo ni vigae. Na chini kabisa, kabla ngoma haijaingia, sauti ya mwanamke: "Funika kioo, Tlou." Mtoto akauliza afunike kwa blanketi lipi.

Kwenye rekodi zake Lesiba hukata kila kikohozi na kila honi ya gari. Hiyo hakuikata. Nadhani hata hakuisikia. Sisi tuliokulia na maneno hayo, kwetu ni sehemu ya mvua yenyewe.

Nilimwambia arudishe nyuma mara tatu. Kisha nikauliza, "Baba Phuti, Tlou ni nani?"

Akaanza kusema ni mtoto wa jirani wa mjomba. Nikamwambia kule hakuna nyumba ya vigae. Akakaa chini, ndipo akasema. Tlou ni mwanawe, ana miaka sita, wa Hunadi, msichana aliyekuwa naye kabla yangu. Wanakaa Nellmapius, hapa karibu tu. Anasema mtoto anaogopa radi kiasi cha kujifungia kabatini, naye alimwahidi kwamba radi ikija, baba atakuwepo.

"Na huyu wa mgongoni kwangu," nikamwambia, "radi yake yeye ni ya mchezo?"

Akainuka, akazima muziki.

Anaapa hakuna kitu kati yake na Hunadi. Nimezisikiliza mvua zake zote za msimu huu, moja baada ya nyingine, nikitafuta kicheko. Sijakipata. Lakini mtu anayejua kukata kikohozi anajua pia kukata kicheko.

Kurudi nyumbani sirudi, Shangazi, na mtoto wa watu simchukii. Nimetoa neno moja tu: radi ikipiga, Tlou aletwe hapa, baba yao awe hapa. Hunadi amekubali, tena upesi kuliko nilivyotegemea. Hata hilo nalitazama kwa jicho la pembeni. Ndiyo maana nakuomba uje mwezi ujao, ukae na Lesiba mbele ya watu wake, umwulize wewe. Kwako hatathubutu kudanganya.

Msalimie Makgabo na mapacha wake, na Mzee Phineas, mwambie dawa yake ya kifua imemfaa Phuti. Mungu akulindie goti hilo, na akupe safari isiyo na mashaka.

Ninavyoandika, wingu limeshasimama juu ya milima na ndege wamenyamaza. Lesiba ametoka kwenda kumchukua mtoto. Kinasa sauti nimekizuia, kiko hapa mezani. Kioo nimekifunika kwa shuka, na lile blanketi kubwa uliloniletea nilipojifungua nimelitandaza sakafuni. Linatosha watoto wawili. Lesiba nimempa mpaka tone la kwanza awe amerudi.

Tone limepiga bati sasa hivi. Nasikiliza geti.

Mwanao akupendaye siku zote,
Raesetja