Vidonge Ulivyomwaga Chooni

Mama Katee,

Maziwa yamechemka, yako kwa sufuria. Mbuzi hawajafunguliwa, mgongo wa mzee wako umekataa.

Ameenda kliniki ya Noonkopir kutafuta vidonge vingine vya pumu, kwa sababu vile umevimwaga chooni asubuhi ukipiga kelele, "Hii sumu imekuvimbisha uso, sasa imekuvunja mgongo!" Umesema kweli. Alipoinua mtungi wa maji, mfupa ulilia kama kuni kavu. Na kanisani walipomsifu kwa mashavu kunenepa, "Mzee, pensheni imekukubali!", aliwadanganya eti anakula ini la simba aliyetoroka mbugani. Hayo mashavu ni ya dawa.

Lakini dawa iliyomezwa miaka hii yote haiachwi ghafla. Daktari alimwonya: mwili umesahau kujitengenezea dawa yake, lazima ipunguzwe pole pole.

~~Usimfuate.~~ Mfuate, tafadhali. Ukimpata njiani amelegea, anatapika, hakutambui, usimpe uji, usingoje mchungaji aje kuomba. Mkimbize hospitali, uwaambie amekuwa kwa prednisolone, hivyo vidonge vya pumu, miaka mingi na leo hajameza.

Akishatundikiwa maji, mgombeze vile unataka. Atakusikiza.

Mzee wako mwenyewe,
Baba Katee