Breki za Mbarika Kwenye Mteremko wa Feri ya Likoni

Likoni, ng'ambo ya kisiwa

Kwa dada yangu mkubwa Kadzo,

Shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute umekaa mlangoni mwako, miguu haikuumi, na Mwalimu Yona keshavaa miwani yake akusomee. Mwalimu, tafadhali usiruke neno, hasa pale ninapojisifu, maana hapo ndipo penye ukweli. Watoto hawajambo? Mbuzi wale wamezaa? Mimi mzima, kifua kizima, ila jino moja limetoka, na hilo halikutoka kwa ugonjwa wala kwa ngumi. Utasikia.

Barua yako nimeipata. Umesema binamu yetu Katana, yule muuza mikeka, amekuja huko na habari kwamba nimefukuzwa gereji kule Changamwe, nimetolewa chumbani, na ninalala barazani mwa watu kama paka. Ukasema nirudi nikalime, kwani mtu wa umri wangu hawezi kuanza upya mjini. Dada, maneno hayo nimeyasoma mara tatu. Kufukuzwa ni kweli. Baraza na paka ni chumvi ya Katana, na mimi chumvi naijua, nimeitia sana katika maisha yangu. Sasa sikiliza mambo yalivyokwenda.

Unanijua mimi na breki. Kule Habeshi wakati wa vita, niliteremsha lori la maji mlima mzima, simba akasimama katikati ya njia. Nilikanyaga breki, dada, lori likasimama, vumbi likasimama, na simba mwenyewe aliyekuwa anataka kukimbia akasimama pia. Wenzangu walioona wako, ingawa wengi wamehamia mbali.

Basi, mwenye gereji, Bwana Jivan, alinunua motokaa ya mbio kwa afisa mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Nyekundu, fupi, ya watu wawili tu, na ukikaa ndani matako yako karibu yaguse barabara. Mnunuzi alikuwa tayari: Daktari Mzungu anayekaa Likoni, ambaye kila siku huvuka feri kwenda kazini kisiwani. Nikapewa kazi ya kuitengeneza.

Breki zake si za waya kama za motokaa za kale. Ni za mafuta. Unakanyaga, mafuta yanasukumwa ndani ya bomba jembamba mpaka kwenye kila gurudumu, na huko kuna mpira mdogo, mfano wa kizibo, unaosukuma vyuma vishike. Mpira huo ndio roho yako. Nilipofungua gurudumu la kwanza nikakuta mpira umevimba kama maiti aliyelala majini. Nikamwita nyapara wetu, Hamisi, mtu wa mjini, kanzu yake haijui grisi.

"Nani ametia mafuta ya injini humu?"

"Mimi," akasema. "Ya breki hayapatikani tangu vita. Mafuta ni mafuta, Chengo."

"Basi mkeo akapikie samaki hayo ya injini."

Mafundi wakacheka, na Hamisi hakunisamehe tena.

Bwana Jivan akaja, akasema nichague: ama nitie mpira mwingine na mafuta ya injini yale yale, auze haraka, ama ning'oe kila kitu nifunge breki za waya kutoka kwenye gari bovu lililokuwa uani. Nikasema sichagui hata moja. Mafuta ya injini yatamuua Daktari kabla ya mwezi kwisha. Waya nao, motokaa ile ina mbio, gurudumu moja litashika kabla ya jingine na gari litageuka kama mcheza ngoma. Tena maji ya chumvi ya pale ferini yataula waya.

"Wewe unataka nini?"

"Nataka mafuta ya mbarika."

Dada, walicheka mpaka Hamisi akashika ukuta. Hawakujua kwamba kule Habeshi, mafuta yalipotuishia, fundi mmoja mzee wa jeshi alituonyesha: mafuta ya mbarika nusu, spiriti nusu, ukoroge mpaka yawe membamba. Mbarika haugombani na mpira. Mama alitupaka kichwani na kutunywesha tukifunga choo, kumbe alikuwa na breki ndani ya chupa.

Mipira ya magurudumu yote nikaitafuta mwenyewe kwenye malori mabovu ya jeshi huko Miritini, siku mbili juani. Mpira wa breki huuchagui kwa macho. Unaukunja uone kama una nyufa, unaunusa, kisha unauuma. Ukilainika mdomoni, tupa, umeshakunywa mafuta mabaya. Ukikurudishia meno, huo ni mzima. Wa nne ulinirudishia meno vizuri sana, ukabaki na moja. Lakini ulikuwa mpira safi.

Nilipomaliza, Bwana Jivan alisema mbele ya watu wote: "Maji yakipwa kabisa, utashuka na hiyo motokaa kwenye mteremko wa feri, upande wa kisiwani. Isiposimama, kile chumba ninachokupa kina mtu mwingine."

Nikasema, "Njoo ukae kando yangu."

Akakumbuka ana kazi dukani. Daktari aliyekuja kuiona motokaa ndiye aliyeingia, magoti yakamfika kidevuni.

Maji yakipwa, mteremko ule huwa mrefu na mkali, na chini ni kijani kwa utelezi. Feri ilikuwa bado ng'ambo, kwa hiyo mbele yetu hapakuwa na kitu ila bahari. Wanawake wauza madafu walisimama kutazama. Mmoja akanipigia kelele, "We baba, kuogelea wajua?"

"Sina haja! Nina breki!"

"Na huyo Mzungu?"

"Yeye ana mimi!"

Nikaachia. Dada, kwa watu nasema sikuogopa. Kwako wewe nasema niliogopa, nikakumbuka jina la marehemu baba. Nikakanyaga mara ya kwanza juu, ikashika. Nikaachia tena, mbio, nikakanyaga pale penye utelezi. Motokaa ikainama pua, ikaguna, ikasimama sawa, haikwenda kulia wala kushoto. Mawimbi yaliosha magurudumu ya mbele tu. Wale wanawake walipiga vigelegele mpaka nahodha wa feri akadhani kuna harusi.

Tukarudi gereji. Bwana Jivan, kicheko mdomo mzima, akaninong'oneza: "Mwambie ni mafuta ya breki kutoka Ulaya." Daktari naye, kana kwamba amesikia, akaniuliza, "Fundi, hii mafuta ya wapi?"

Hapo ndipo penye kiini cha barua hii, dada. Chumba changu kilikuwa mdomoni mwangu. Na mtu atakayeendesha motokaa ile kwa miaka, siku moja atahitaji kuongeza mafuta. Akidanganywa, ataongeza yasiyofaa, na ule mteremko hauna huruma. Nikasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Ni mbarika, Bwana Daktari. Mbarika na spiriti. Usiruhusu mtu yeyote atie mafuta ya injini, hata mwenye gereji hii."

Daktari akachovya kidole, akanusa, akacheka sana. "Mimi napa wagonjwa hii, kijiko moja moja!" Akainunua motokaa pale pale.

Bwana Jivan akangoja atoke. Akasema nimemvua nguo mbele ya mteja. Nikamjibu kwamba nguo hizo za uongo alizivaa mwenyewe. Jioni ile nilibeba kitanda changu.

Sasa nipo hapa Likoni, chini ya mabati mawili, karibu na njia ya feri, na nyuma nina chumba chenye mlango na kufuli. Natengeneza breki tu. Daktari huja kila Jumamosi, na nimemfundisha kutunza: akivuka, aoshe magurudumu kwa maji baridi ya kisima, chumvi isilale humo. Hata siku ya kukaa nyumbani akanyage breki mara kumi, mpira usigande. Gari likiwa limelowa asivute breki ya mkono usiku kucha, aweke jiwe, la sivyo asubuhi vyuma vitakuwa vimeng'ang'ania. Anaandika kwenye daftari kama mwanafunzi! Mimi, niliyeacha shule darasa la tatu, namwandikisha daktari.

Kwa hiyo sirudi. Waambie wazee wasiniwekee jembe. Atakayesema Chengo ameshindwa na mji, aje ateremke na mimi pale ferini maji yakiwa yamepwa, ndipo tuzungumze. Wewe nitumie mbegu za mbarika, kikapu kimoja, mbichi, zisikaangwe, kwa maana mafuta yake ya hapa mjini yamechanganywa na sijui nini.

Nisalimie shemeji, mume wako mvumilivu. Nisalimie shangazi yetu kipofu, mwambie nimesimamisha bahari. Mdogo wetu wa mwisho mwambie ashike minazi yangu, anywe tembo lake, asiniulize. Mwalimu Yona asante kwa macho yako. Katana akipita tena na mikeka yake, msomeeni hii yote, akiwa amesimama.

Mimi ndugu yako, mjomba wa watoto wako, na nyapara wa nafsi yangu,

Chengo
Fundi wa breki, Likoni