Shoga Yangu Mnyonyoa Kuku

Jumatano, 5 Machi

Vidole vinanuka. Nimeviosha mara tatu kwa sabuni, mara moja kwa ndimu — bado. Ni ile harufu ya maji moto wanamochovywa kuku. Kingi, yule mnyonyoa kuku, huja nayo kila Jumatano kwenye nywele na kwenye kucha, na sasa kete zangu zote zinanuka hivyohivyo. Mwanzoni nilikuwa naziba pua kwa leso, nasingizia mafua.

Leo kanifunga tena drafti. Michezo minne kwa mmoja, na huo mmoja nadhani kaniachia. Anakula kete tatu kwa mpigo, kisha ananong'ona, "Pole, shoga." Shoga! Yeye ana ishirini na tatu, mimi sitini na saba. Mwanangu angeweza kumzaa. Mtu mwingine angeniita hivyo ningemtoa nje. Yeye akiniita, nacheka mpaka kiuno kinauma.

Nilimkuta mwaka jana huko anakonyonyoa kuku, nyuma ya soko. Alikuwa amechora ubao kwa chaki juu ya kreti, anacheza peke yake, mkono wa kulia na wa kushoto. Nikamwambia kushoto kunamdanganya. Tangu mume wangu azikwe nilikuwa sijapata wa kucheza naye. Nikakaa. Kuku wangu akapoa na manyoya yake, ikabidi achovywe upya.

Ijumaa, 7 Machi

Binti yangu kapiga simu. Jumapili anamleta mama mkwe wake kula kwangu, maana kwake wanapaka rangi. Nitandike kile kitambaa cheupe. Nifiche vizibo vya soda — ndivyo anavyoziita kete zangu. Na yule wa kuku asionekane.

Nikasema yule ni rafiki yangu.

Akacheka. Marafiki zangu, eti, ni wastaafu wenzangu. Binti mdogo vile anatafuta nini kwa kikongwe? Anasubiri nini? Watu wanasema.

Wastaafu wenzangu! Wanaongea choo tu: nani kapata, nani kakosa, siku ngapi. Nakwenda kwao nikiwa mzima narudi tumbo limenifunga.

Na Desemba, nilipotoka mkanda wa jeshi mgongoni, malengelenge yanapasuka na kugandia nguo, binti yangu alisimama mlangoni na kitambaa mdomoni. Akasema atatuma muuguzi. Hakutuma. Kingi ndiye aliyenipaka dawa siku kumi na moja. Nilimwambia usiangalie, inatia kinyaa. Akasema yeye hutoa matumbo ya kuku tangu alfajiri, mgongo wangu ni maua.

Haya yote nilipaswa kumwambia binti yangu. Nikasema tu, sawa, nitatandika.

Jumapili, 9 Machi

Siwezi kula. Niandike, labda itatoka.

Walikuja saa saba. Mama mkwe alikuwa mwalimu mkuu zamani na hajaacha. Aligeuza sahani akatazama chini yake. Alifuta uma kwa kitambaa changu cheupe, kisha akakitazama kitambaa. Alipokula akachokonoa meno kwa ukucha wa kidole kidogo, akautazama ukucha, akaulamba. Binti yangu, ambaye hawezi kutazama mgongo wa mama yake, alikuwa anatabasamu.

Mlango ukafunguliwa. Kingi. Sikumwonya. Ijumaa yote, jana yote, nilikuwa namwonea haya kumwambia asije. Kandambili miguuni, unyoya umeganda shingoni, uso unang'aa. "Shoga, nimeipata! Ile uliyonifunga nayo, nimeipatia njia—"

Akawaona. Akawaamkia vizuri.

Mama mkwe akaniuliza mimi, si yeye: "Huyu nani?"

Hakuna aliyenishika koo. Hakuna aliyenikanyaga mguu chini ya meza. Nikasema, "Huyu ni binti anayenisaidia kazi."

Sauti yangu ilikuwa laini kabisa. Miaka thelathini na mmoja nilikuwa karani wa mahakama, naandika uongo wa watu, na nilikuwa najisifu naujua ukiingia tu mlangoni.

Kingi alinitazama kama anavyotazama ubao kabla hajasogeza. Kisha akaanza kukusanya sahani. Akaziosha zote, na masufuria, na sinki. Mama mkwe akamsifu: siku hizi ni shida kupata mwenye adabu.

Wakati wa kuondoka binti yangu akamfungashia mabaki. Nilichungulia ndani ya mfuko. Mifupa ya kuku, iliyotafunwa, na wali uliolowa mchuzi wa watu. Mate ya yule mama yalikuwa mle.

"Asante, dada," Kingi akasema. Akaondoka nao.

Nikafunga mlango nyuma yake.

Jumatatu, 10 Machi

Nilikwenda nyuma ya soko. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Mwenzangu, nilikosea. Hapana. Kingi, mwanangu. Hapana, mwanangu tena wapi.

Kulikuwa na foleni. Sakafu damu na maji, manyoya yananasa kwenye viatu. Zamu yangu ikafika. Hakuinua kichwa.

"Kuku wangapi, mama?"

Mama.

"Mmoja," nikasema.

Basi nina kuku kwenye friji. Kanyonyolewa safi, hana hata kijinyoya. Nikifungua friji nafunga macho.

Jumanne, 11 Machi

Binti yangu kapiga kushukuru. Mama mkwe kafurahi. Anauliza kama yule msichana anaweza kwenda kwao pia, Ijumaa.

Nikakata simu. Ushujaa wangu ndio huo.

Jumatano, 12 Machi

Saa tisa na robo. Naandika chumbani, mlango nimeurudishia.

Nilikuwa nimeshapanga kete, ingawa nilijua haji. Akaja. Saa yake ileile, ila kwa mlango wa jikoni, ambao hajapitia hata siku moja. Amevaa aproni. Ameoga, hanuki kitu. Kandambili kaziacha nje.

"Nianzie wapi, mama?"

Nilidhani ni mzaha. Nikasubiri acheke. Hakucheka. Wala hakuwa na hasira, angekuwa na hasira ningejua pa kushika. Alisimama tu, mikono mbele, akinipa nafasi.

Neno lilikuwa mdomoni. Nisamehe. Neno moja. Lakini nilimwona alivyo mdogo, na kitu ndani yangu, kichafu kuliko matumbo yote ya kule sokoni, kikauliza tangu lini mkubwa akamwomba radhi mtoto.

Nikasema, "Madirisha. Anza na madirisha."

Akachukua ndoo.

Sasa nasikia kitambaa kinalia kwenye kioo cha sebuleni. Anafanya vizuri, hana haraka. Meza ya drafti iko pale pale dirishani, lazima aizunguke kila akienda kusuuza. Nasikia anavyoizunguka.

Kitambaa kimesimama.

Ananiita. Anasema kioo cha juu hakifikii, niende nimshikie kiti.

Kingi ni mrefu kunizidi kwa kichwa kizima. Kioo kile hata mimi nakifikia.

Ananiita tena. Hajasema mama, hajasema shoga. Anasema tu, "Njoo basi, unishikie." Nimeshasimama, kalamu bado mkononi.