Mahindi Katika Kofia ya Shemasi

Ashwell Neck, Ghuba ya Massachusetts
Baada ya mavuno, 1639

Kwa kaka yangu mpendwa Gamaliel,

Amani ya Bwana ikufikie huko Suffolk, na ikukute na afya njema kuliko ile uliyoniandikia. Kifua kimepona? Bado unafundisha watoto Kilatini kwenye kile chumba juu ya watengeneza ngozi, na ile harufu yote? Sisi huku tu wazima kwa rehema zake. Mume wangu Amos anakusalimu. Mapipa yake yanatafutwa pwani nzima, na mdomo wake haujaacha mzaha. Mwanetu Desire anaota meno na anamuuma kila ajaye, mcha Mungu na mwenye dhambi bila ubaguzi. Mahindi yamejaa hadi darini.

Kaka, keti kwanza. Nina habari ambayo ungekuwa karibu ningeipiga kelele tangu mlangoni. Lakini nitaisimulia kwa mpangilio wake, maana nikianzia mwisho hutaniamini.

Mchungaji wetu mzee alifariki masika yaliyopita. Tangu hapo, kila Siku ya Bwana tulikutana kama kawaida, wanaume upande wao na sisi upande wetu, na Shemasi Kerrich akatusomea zaburi. Shemasi ni mtu mnyofu, lakini sauti yake ni kama gurudumu lisilopakwa mafuta, tena la polepole. Mzee wa zamu alichoka kupita na ile fimbo yake ndefu kuwagutusha waliosinzia. Siku moja yeye mwenyewe alikoroma akiwa wima, na hakukuwa na wa kumgutusha.

Mwanzoni mwa kiangazi jirani yangu Ursula Tuttle alinijia jioni ya Siku ya Bwana, macho yamemvimba. Alikuwa amezika kichanga chake wakati wa theluji. Aliniambia hakuwa analilia mtoto tu. Alikuwa ameomba ishara moja, sauti moja kutoka mbinguni, ajue kama yeye ni miongoni mwa wateule, wale Mungu aliowachagua tangu mwanzo waokoke, na hakusikia kitu. Wengine wakisimama mbele ya kanisa kuomba kupokelewa husimulia jinsi neema ilivyowashukia kama radi. Yeye hana radi. Basi ameshajihukumu kuwa amepotea.

Ningemwambia nini, kaka? Mimi si mchungaji. Nikakumbuka mahubiri yako, yale ya mwisho kabla askofu hajakunyang'anya mimbari kwa sababu ulikataa kuvaa joho lao jeupe. Unakumbuka tulivyokuwa tukiyarudia mahubiri mezani kwa baba, kila mtoto kipande chake? Nilikuwa na kichwa kama mtego: kilichoingia hakitoki. Nikamrudishia Ursula maneno yako yote, ya Eliya pangoni: kwamba Bwana hakuwamo katika upepo, wala tetemeko, wala moto, bali sauti ndogo, tulivu. Nikafika pale uliposema, "Ni nani amewahi kusikia unga ukiumuka? Na bado asubuhi mkate upo." Ursula akajifunika uso kwa aproni akalia, kisha akala kwangu bakuli mbili za uji wa mahindi. Alikuwa hajala vizuri tangu mazishi.

Jumapili iliyofuata alikuja na dada yake. Kisha wakaja wanawake wengine, nyumba ikajaa, waume zao wakajibanza nje ya dirisha wakijifanya wanamsubiri Amos wazungumze habari za mapipa. Amos aliwaambia, "Jamani, pipa halinunuliwi Siku ya Bwana. Ingieni tu, aibu itawaua na mbu pia."

Basi habari ikamfikia Shemasi Kerrich.

Unajua, maana huko pia zilifika, habari za yule mwanamke aliyefukuzwa katika koloni hili juzijuzi kwa kufundisha watu nyumbani mwake. Nilipoitwa kusimama mbele ya kanisa zima, nilijua yaweza kunipata hayohayo. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilifungasha blanketi na sufuria, nikijua mtu akifukuzwa hapati muda wa kujiandaa. Amos hakutania hata neno. Alinishika bega tu akasema nikifukuzwa, yeye na Desire wana miguu.

Shemasi aliniuliza kwa sauti kavu, "Dada Fiske, nani amekupa ruhusa ya kufundisha?"

Nikasema, "Sifundishi, Shemasi. Narudia tu."

"Hata kasuku hurudia."

Watu wakacheka. Sijui ulimi wangu uliupata wapi ujasiri, lakini nilimjibu, "Basi msikilizeni kasuku kwanza, ndipo mumfukuze."

Kicheko kikakatika. Amos akafumba macho kama mtu anayesubiri mti uanguke. Shemasi akakunja mikono, akasema, "Haya. Sema."

Nikasema yote, kaka. Nilisimama katikati ya jumba lile la mbao, wanaume kushoto, wanawake kulia, nikaenda tangu sentensi yako ya kwanza hadi ya mwisho, na ile nafasi uliyoacha kabla ya kutaja mkate nikaiacha vilevile.  Fimbo ya mzee wa zamu ilibaki imeegemea ukuta.

Nilipomaliza, Shemasi Kerrich alikuwa ameketi. Sikumbuki aliketi lini. Akainuka taratibu, na nikajua sasa hukumu inakuja. Lakini hakuniangalia mimi. Aliwageukia watu, akasema kwamba kwa miaka mingi amewahoji watu mahali hapa wathibitishe neema yao, akawarudisha wengine nyumbani wakilia, ilhali yeye mwenyewe hajawahi kusikia radi. Hata mara moja. Kila usiku hulala akihofia kwamba amewafungulia wengine mlango ambao yeye hataupita. Sauti yake ikavunjika hapo, mbele ya mji wote. Ursula Tuttle, ambaye Shemasi mwenyewe alimrudisha nyumbani akilia mwaka jana, akapaza sauti kutoka upande wetu, "Asubuhi mkate upo, Shemasi."

Yule mzee akapangusa uso kwa kiganja. Kisha akaniuliza, "Mtu huyu aliyesema maneno haya ni nani, na yuko wapi?"

Nikamwambia ni kaka yangu, amefukuzwa mimbarini, na anafundisha watoto Kilatini juu ya watengeneza ngozi.

Unajua huku hakuna askofu wa kutuletea mchungaji. Kanisa linamchagua lenyewe. Shemasi akavua kofia yake, wanaume wakagawiwa mahindi na maharage: anayekubali atie punje ya hindi, anayekataa atie haragwe. Sisi wanawake hatupigi kura, lakini nakuhakikishia kila mume alipopita mbele ya mkewe alitazamwa kwa jicho la kumfuata hadi kaburini. Mhunzi akatia. Wakulima wakatia. Shemasi akatia wa mwisho, mkono wazi, wote tuone: hindi.

Gamaliel, wamekuchagua wewe. Wewe ndiye mchungaji wa Ashwell Neck, ukikubali. Nimetumia maneno yako bila kukuomba ruhusa, na hivi ndivyo ilivyotokea, nami sijui kama nikuombe radhi au nirukeruke. Nimerukaruka tayari.

Kofiani lilikutwa haragwe moja. Mji mzima ukaulizana ni la nani. Jana Amos alikiri: ni lake. Anasema mtu akichaguliwa bila pingamizi lolote atavimba kichwa, na tena yeye ndiye atakayelala chumba kimoja na kikohozi chako hadi ujengewe nyumba. Nimemnyima chakula cha jioni, lakini si kwa muda mrefu.

Uliniandikia kwamba siku ile ya mwisho ulihisi umehubiria viti. Kaka, walikuwa wanakusikia ng'ambo ya bahari, ila sauti ilikuwa bado njiani.

Msalimie mama kaburini kwake kabla hujaondoka, na umletee Desire mbegu za tufaa la bustani yetu. Ursula anakusalimu, Shemasi anakusalimu, na mwenye haragwe naye anakusalimu. Meli huanza kufika masika. Usinijibu kwa barua. Nijibu kwa kushuka.

Ni mimi dada yako,
Thomasine Fiske