Baba, Ulikuwa Ukimwambia Nini Karani?

Umetimia mwaka mmoja leo, Baba, tangu utuachie nyumba hii iliyoegemea ukuta wa ghala, ufunguo wa ghala lenyewe, na Karani.

Watu walishangaa mtunza ghala kufuga mbwa wa namna ile, teria, mbwa wa Kizungu wa kuwinda panya, kimo cha ndoo, ndevu kama babu wa mtu. Ulimwita Karani kwa sababu kila asubuhi alipita gunia kwa gunia akinusa, utadhani atatia sahihi. Wapakizi walimwamkia: "Shikamoo Karani, tumeruhusiwa?" Nawe ukiwajibu, "Subirini, hajamaliza."

Ulikuwa mpole kwa kila kiumbe isipokuwa panya. Jumapili ulikaa kwenye kigoda, Karani kati ya magoti, ukimng'oa manyoya yaliyokufa kwa vidole viwili, kidogo kidogo. Mkasi ulitukataza. "Manyoya ya teria hayakatwi. Ukikata yanalainika, na rangi inakimbia." Ulimfuta ndevu kila akinywa maji, ukamchungulia masikio, ukamnyima makombo, maana mbwa mfupi akinenepa mgongo ndio unaolipa. Kumfokea ulisema ni kazi bure: atakupa kisogo, kisha aende akafukue mboga zako.

Tulikata, Baba. Kaka mkubwa, dereva, aliona manyoya yamezidi akachukua mkasi. Karani akawa wa kijivujivu, laini kama pamba. Tusamehe. Kitindamimba wako amerudia kung'oa kwa vidole, na ule wekundu wake wa zamani umeanza kuchomoza shingoni.

Lakini kubwa ni hili. Ulipoondoka, Karani aliacha kuwinda. Panya walimpita puani, yeye macho mlangoni. Msimamizi mpya akasema, "Mbwa asiye na kazi ni mdomo tu. Mwisho wa mwezi namgawa."

Tulijua ulikuwa na neno la kumtuma, ila hakuna aliyewahi kulisikia. Tukajaribu kamata, tukajaribu shika. Kaka akalala kifudifudi akikwaruza sakafu.

"Amka," dada mshonaji akamwambia. "Hapo anaona panya mmoja tu, na ni wewe."

Asubuhi moja kitindamimba alikuwa anafagia, vumbi la pumba likamwingia kooni. Akakohoa: vifupi viwili, kisha kimoja kirefu kilichomezwa nusu. Karani alitoka mlangoni kama jiwe la manati, akarudi na panya mdomoni. Kumbe halikuwa neno. Kilikuwa kikohozi chako, kile cha kuinama kati ya magunia.

Nyuma ya ukuta sufuria ikaanguka. "Umerudi?" Mama akauliza.

Alipotoka akamwona binti yake na ufagio. Akamshika mkono. "Mwanangu, nakuomba. Usikohoe hivyo tena nikiwa hai."

Hakukohoa tena. Panya wakaongezeka, siku zikaisha, na msimamizi akaja mchana na kamba mkononi.

"Haya, nionyeshe anachojua."

Binti yako alisimama akiutazama ukuta. Neno la Mama lilikuwa neno la Mama. Msimamizi akainama kumfunga Karani shingoni, na hapo nyuma ya ukuta kikasikika: vifupi viwili, kimoja kirefu, nusu yake ikimezwa.

Karani alichomoka. Panya watatu kwa mkupuo. Msimamizi aliikunja kamba yake taratibu. "Basi abaki," akasema. "Nani huyo anaumwa huko kwenu?"

Binti alikuwa keshakimbilia nyumbani kumshukuru Mama. Akakuta kufuli mlangoni. Mama alikuwa ndiyo kwanza anatokea bombani, ndoo kichwani.

"Asante ya nini tena? Foleni imenishika tangu asubuhi."

Tulipomweleza alitua ndoo, akakaa chini, hakulia. Tangu siku hiyo, akienda kuteka maji, mlango haufungi. Tumemwambia wezi ni wengi. Anasema anajua.

Unakumbukwa na mkeo, mwanao dereva, ambaye mkasi hashiki tena, binti yako mshonaji na mumewe, wajukuu, wapakizi wote wa ghala, Karani, na kitindamimba wako, ambaye siku hizi anafagia polepole, akisikiliza.

Hatutakusahau kamwe, Baba. Wala wewe hujatusahau.