Kopo Lililopasha Chai

4 Machi

Mpwa wangu,

Anayekuandikia ni nguzo ya hewa ya nchi hii. Nikizima redio yangu, masafa yote yanabaki yatima. Hujambo lakini? Sisi wazima. Mimi sina hata nafasi ya kuugua.

Mama yako ameniambia umeajiriwa ofisi ya leseni za redio za ridhaa, zile zetu sisi tunaozungumza hewani kwa kupenda tu, bila mshahara. Hongera! Waulize hapo mjomba wako alivyofanya mtihani wao: msimamizi hajamaliza kugawa karatasi, mimi nimeshatoka nje. Maswali yalikuwa yale yale ya kwenye kijitabu, nami nilikuwa nimeyameza yote na nukta zake.

Tangu nihamishie redio chumba cha nyuma, nguvu zake zinatisha. Kikombe cha chai nakiweka juu ya lile kopo la majaribio aliloniachia fundi alipokuja kuijaribu redio. Nikihutubia kidogo tu, chai imepata moto. Na nikishika maiki, wenzangu wote kimya! Heshima hiyo hainunuliwi dukani.

Mjomba wako,
Radi ya Masafa

15 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nyumbani hawajambo? Mguu wa mkaza mjomba umepona? Mimi mzima, ila kazi imenikaba koo. Ofisini wanabishana kama mtihani wa leseni unadai ujuzi wa kutosha. Mkuu wangu anasema kukariri kunatosha, mengine mtu atajifunza mbele ya safari. Mimi nasema mtu aguse waya kwanza. Nimeambiwa niandike maoni.

La pili ni la moyoni. Nimepata leseni yangu mwenyewe, na redio iko mezani karibu na dirisha. Wewe ndiye uliyenipakata nikiwa mdogo nikasikia sauti za watu wa mbali, na niliapa kwamba wa kwanza kuzungumza naye hewani utakuwa wewe. Jumapili asubuhi nilikuita kwenye masafa yako mpaka sauti ikakauka. Wengine waliniita, sikuwajibu. Wewe hukusikika.

Hebu nijibie swali ninalotaka litiwe mtihanini: redio ikirusha na kopo la majaribio likapata moto, nguvu imekwenda wapi?

Mpwa wako

24 Machi

Mpwa wangu,

Sisi wazima. Mguu umepona, sasa anautumia kunifukuza jikoni. Wewe je?

Jumapili nilikuwepo, tena nilihutubia mpaka maiki ikatoka jasho! Kama hukunisikia, kosa ni la jua. Likichafuka huko juu, hewa nayo inachafuka. Au ni huo waya wako wa dirishani, naona unafaa kuanikia soksi.

Swali lako ni la chekechea. Nguvu ikizidi humwagika, kama maziwa yanayochemka. Kopo linapokea ile ziada. Liandike hivyo hivyo. Na uwaambie wakubwa zako mambo ya kugusagusa waya ni kuwasumbua watu wazima. Kijitabu kinatosha. Ushahidi ni mimi, ruksa kunitaja.

Mjomba wako,
Radi ya Masafa

2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini mko salama. Mimi mzima, ila nimeudhika, uniwie radhi.

Jumapili tena, kimya. Jua halina kosa: watu wa mji wenu niliwasikia vizuri, na mmoja aliuliza kama Radi amefariki.

Jumatatu maoni yangu yanakwenda kwa mkuu. Jumapili hii ndiyo ya mwisho kukungoja. Usiposikika, atakayeniita wa kwanza nitamjibu, awaye yote, na kiapo changu kimeishia hapo.

Jibu la swali sikupi. Weka kidole kwenye waya unaotoka nyuma ya redio, uufuate mpaka unapoishia. Kijitabu kiache kabatini.

Mpwa wako

10 Aprili

Mpwa wangu,

Hujambo? Mimi ni mzima kuliko uzima wenyewe. Uliposema, "Mjomba, nakusikia!" nilijibu, "Bila shaka," kama bwana mkubwa, kumbe maiki nimeikumbatia kwa mikono miwili. Na yule aliyenizika nilimfufukia papo hapo. Alinyamaza, safari hii nadhani kwa hofu.

Kama maoni yako yaliyokwenda kwa mkuu bado yanaweza kuongezewa mstari mmoja, andika kwamba Radi ya Masafa anaunga mkono: asiyegusa waya asipewe leseni. Wakibisha, nitakuja kuusimamia huo mtihani mwenyewe.

Hewani nilikwambia jua limetulia. Pale walikuwepo wasikilizaji. Hapa tuko wawili.

Niliufuata waya kwa kidole. Ule wa antena niliukuta umelala nyuma ya kabati, haujaunganishwa tangu nihame chumba. Ule wa redio uliishia kwenye kopo, na kopo kazi yake ni kumeza nguvu yote ili sauti isitoke nje. Muda wote ule, mpwa wangu, niliyekuwa nikimhutubia ni kikombe cha chai.

Mjomba